Nilichelewa makusudi kwenda kujifungua. Wewe nini kilikuamulia pa kuzalia?

Mama Wawili (mleta mada)

Habari zenu wana jukwaa. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naupandisha hivyo hivyo.

Kila ninapokuta mjadala wa mama aliyejifungulia nyumbani au njiani, mchangiaji wa kwanza lazima aulize: "Sasa kwa nini hakwenda hospitali?" Wa pili anamjibia mama ambaye hata hayupo: ujinga, umaskini, imani potofu. Mjadala unafungwa. Mimi nimesoma, hela ya gari nilikuwa nayo, hospitali haikuwa mbali, na bado nusura nizae kwenye kiti cha nyuma cha gari. Naomba niwaeleze ilivyokuwa.

Mtoto wa kwanza niliwahi kama nilivyofundishwa kliniki. Uchungu ndio kwanza unaanza, njia sentimita mbili. Nikapewa kitanda chenye godoro la mpira, lile linalonata mgongoni ukishatoka jasho. Mume wangu akaambiwa abaki getini. Nilikaa pale saa kumi na tisa. Katika saa hizo nilipimwa njia na watu watano na sikuambiwa jina la hata mmoja. Kwamba wawili walikuwa wanafunzi nilijua baadaye, nilipomsikia mmoja anamuuliza mwenzake, "Wewe umepata ngapi?" Pazia lilikuwa fupi, halifiki ukutani, kwa hiyo kila aliyepita kufuata maji aliniona nilivyo. Nilipolia kwa sauti, nesi aliyekuwa anaandika mezani akasema bila kuinua kichwa: "Siku ile hukulia hivi." Wenzake wakacheka. Hata wanawake wa vitanda vya jirani walicheka, nadhani kwa kujua kuwa zamu yao inafuata.

Mtoto alitoka salama. Niliongezewa njia bila kuambiwa, nikashonwa huku watu wanaongelea mambo yao ya mshahara. Kwenye karatasi ya ruhusa wameandika: amejifungua kawaida, mama na mtoto wana hali nzuri.

Mimba ya pili, chupa ilipasuka saa tatu usiku. Dalili zote nazijua. Nikaingia bafuni nikajisafisha, nikarudi sebuleni nikaendelea kukunja nguo. Mume anaangalia mpira. Uchungu ukija najifanya naokota kitu chini ya meza ili asinione uso. Saa nne. Saa tano. Saa sita. Hesabu nilikuwa nimeipiga tangu mimba ina miezi minne: nikifika na sentimita tisa hawatapata muda wa kunichezea, nitapanda kitanda, nitasukuma, basi. Saa saba nikashindwa kusimama wima, ndipo nikamwambia twende. Tangu tuvuke geti hadi mtoto kulia hazikupita dakika ishirini.

Ndugu wote niliwaambia uchungu ulikuja ghafla. Leo ndiyo mara ya kwanza nasema ukweli, na nawaambia watu nisiowajua.

Sijaja kuuliza hospitali au nyumbani ni wapi bora. Nauliza wewe, mkeo au dada yako, ni nini hasa kilichoamua mahali? Nataka ile sababu yenyewe. Ile mliyowaambia mawifi bakini nayo.

Pasi Ndefu

Mimi mwanaume nilikuwa napita tu, lakini mleta mada umenikalisha. Kwa hiyo hata wangu inawezekana alichelewa makusudi? Mara zote mbili tulifika pale mtoto yuko mlangoni. Ngoja nikamuulize.

Sawasawa

Pole sana dada. Ila tusidanganyane, suala kubwa ni elimu. Tafiti nyingi zinaonyesha mwanamke aliyesoma hujifungulia kituoni kuliko ambaye hakusoma. Kisa chako ni cha mtu mmoja.

Mama Wawili

Sawasawa, sikatai. Nilisoma, na kweli nilijifungulia kituoni. Kwenye utafiti wako mimi nimehesabiwa upande wa waliofanya vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

MkungaMstaafu

Nimestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya leba, kwa hiyo nitasema pande zote mbili na anayetaka kununa anune.

Ndugu Sawasawa hajakosea. Elimu inaonekana kwenye tafiti, na kipato, na idadi ya watoto: mwenye mimba ya kwanza huwahi, mwenye mimba ya tano anajiona fundi. Aliyehudhuria kliniki mara nyingi ana uwezekano mkubwa wa kurudi kujifungulia kituoni. Ila hayo yote ni kumtazama mama kwa mbali. Ukikaa leba unaona mengine.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu kuchelewa kwa aina tatu, na mpaka nastaafu tulikuwa tunafundishia hiyo hiyo. Kuna kuchelewa kuamua kwenda, kuna kuchelewa kufika, na kuna kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Watu wanaisoma kama ngazi, unatoka ya kwanza unapanda ya pili. Mimi niliiona inazunguka. Mama niliyemwacha akisubiri kwenye benchi mwaka huu ndiye atakayechelewa kuamua mimba ijayo. Atamsimulia jirani, na jirani naye atachelewa wakati hajawahi kukanyaga kwetu hata siku moja.

Wachelewaji wa makusudi tulikuwa tunawajua. Anaingia na sentimita tisa, nywele zimesukwa upya, mfuko wa kujifungulia umepangwa, glovu juu, kanga chini, kadi ya kliniki kwenye mfuko wake wa nailoni. Halafu anakuambia, "Sista, imeanza sasa hivi." Aliyeshtukizwa na uchungu mfuko wake hauwi hivyo.

Sasa nikuseme kidogo mwanangu, usikasirike. Zile saa nne ulizokuwa unakunja nguo ndizo saa ambazo sisi tungesikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, tungepima presha, tungeangalia maji yaliyotoka ni meupe au yana kijani. Ya kijani maana yake mtoto ameshajisaidia tumboni, na huyo hatumwachi hivi hivi. Katika wajawazito mia, makadirio yanayotumika ni kwamba kama kumi na tano watapata tatizo linalohitaji wataalamu, na asubuhi yake wengi walikuwa wazima kama wewe na mimi.

Damu ndiyo iliyoninyima usingizi. Kipimo tulichofundishwa ni mililita 500 ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, yaani ile chupa ndogo ya maji ya kunywa. Ukipita hapo anavuja kupita kiasi. Anayevuja kwa nguvu anaweza kufa ndani ya saa mbili. Sasa piga hesabu: kumwamsha mwenye gari, kutafuta hela, barabara. Sindano ya oksitosini ndiyo inayobana mji wa mimba, lakini inataka ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Nimefanya kazi mahali ambapo jokofu liliharibika wiki nzima na tuliendelea kudunga, hatujui kama tunadunga dawa au maji. Mama hajui habari za jokofu. Anachojua ni kwamba fulani alikwenda huko na hakurudi.

Na mimi nijiseme. Kauli kama ile ya nesi wako nimewahi kuitoa. Usiku mmoja tulikuwa wakunga wawili, wanawake kumi na mmoja, wawili kati yao wanasukuma kwa pamoja. Nilimchapa mama mmoja paja ili asifunge miguu. Niliona namwokoa mtoto, na huenda kweli nilimwokoa. Lakini mimba iliyofuata yule mama sikumwona, na nyumba yake nilikuwa naiona kutoka dirisha la leba.

Sawasawa

Mkunga umeniweza. Nakaa chini.

Shangazi Mkali

Ninyi watoto mnapenda kuandika. Mimi nimezaa sita, wanne chumbani kwangu. Nilishikwa na mama yangu mzazi na mkunga wa jadi aliyenijua tangu nikiwa mtoto. Nilizaa nimepiga magoti, nimeshika ubao wa kitanda, hakuna aliyenilaza chali kama mgonjwa. Hakuna aliyenitukana. Maji ya moto yapo, mlango umefungwa, nikimaliza naoga nalala kitandani kwangu. Wawili wa mwisho nilikwenda hospitali kwa sababu mume wangu alilazimisha, na huko ndiko nilikolala sakafuni.

Kitabu Wazi

Shikamoo shangazi. Tatizo la simulizi hizi ni kwamba anayesimulia ni aliyepona.

Shangazi Mkali

Marahaba. Mmoja katika hao wanne nilimzika. Alitanguliza mkono. Sikuandika kwa sababu mleta mada aliuliza nini kiliamua mahali, hakuuliza nani aliishi. Na ndiyo maana mume wangu alilazimisha.

Kitabu Wazi

Pole sana shangazi. Nisamehe.

Baba Mapacha

Nami niongee upande wa wanaume, maana naona tunatajwa kama wabaki getini tu.

Sisi tulikuwa na mpango. Kipimo kilishaonyesha pacha, daktari akasema msithubutu kituo kidogo, nendeni hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji. Hela ya dharura ipo kwenye bahasha, namba ya mwenye gari ipo ukutani, hata nani atabaki na mtoto mkubwa tulishapanga. Uchungu ukaanza saa tisa usiku wiki tatu kabla ya tarehe. Mvua. Mwenye gari hapokei simu. Wa pili anapokea, yuko msibani mbali. Mke wangu anasema, "Nisogeze popote." Tukaenda kituo kidogo kilekile tulichokatazwa, kwa miguu, yeye anasimama kila baada ya nyumba tatu.

Pacha wa kwanza akazaliwa vizuri. Wa pili kalala kingamakingama. Muuguzi, binti mdogo sana, akaniambia ukweli bila kuzunguka: huyu hapa hatoki, anahitaji rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwepo, nililiona limeegeshwa kwa macho yangu. Dereva alikuwa ameondoka na ufunguo. Tulimsubiri dakika hamsini, na dakika hizo zote yule binti hakuondoa mkono wake tumboni kwa mke wangu. Watoto wote wawili wapo hai, namshukuru Mungu, na yule binti namshukuru kila mwaka siku yao ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mlikwenda kituo kisichofaa, najibu kwamba sikuchagua. Umbali watu wanauhesabu kwa kilomita. Sisi umbali wetu ulikuwa saa tisa usiku na mvua. Umbali huo huo mchana wa jua ni dakika ishirini.

Nasikia sehemu nyingine kuna nyumba za kusubiria uzazi karibu na hospitali, mama anakaa wiki za mwisho. Wazo zuri, ila mke wangu alisema wazi: nani atalala na huyu mkubwa wiki tatu? Nilikosa jibu.

Bibi Harusi wa Zamani

Naongezea kwa Baba Mapacha. Wengine hela ipo, gari lipo, ila bahasha inashikwa na mama mkwe. Mimi niliambiwa "subiri kwanza, uchungu wa kwanza huwa mrefu" mpaka kukakucha. Ruhusa ilitoka baba mkwe aliporudi safari. Nilifikishwa nikiwa na kifafa cha mimba, hayo mengine nimesimuliwa.

Ndoano

Mleta mada, ulichofanya kina historia ndefu kuliko unavyodhani. Mniruhusu niwapeleke Vienna kidogo.

Miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wa udaktari, ya pili ya wakunga. Kupokea wazazi kulikwenda kwa siku: leo hii, kesho ile. Wodi ya kwanza ilipoteza karibu mama mmoja kati ya kumi kwa homa ya uzazi. Ya wakunga ilipoteza chini ya nusu ya hapo. Madaktari walikuwa wanasaka sababu, wengine wakisema hewa mbaya, wengine msongamano. Mitaani wanawake walikuwa wameshamaliza utafiti wao. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe ya kwanza. Na wapo waliojifungua barabarani kwa kukusudia, kisha wakaingia hospitali kana kwamba mtoto amewaponyoka njiani, maana aliyejifungulia hospitali alipata malezi ya mtoto bure na hawakutaka kuyakosa.

Daktari Ignaz Semmelweis akaona jambo lililomsumbua: hao wa barabarani walikuwa wanaugua ile homa kwa nadra kuliko waliolala wodi ya kwanza. Mwaka 1847 mwenzake, Jakob Kolletschka, akachomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa na dalili zilezile za akina mama. Hapo Semmelweis akaunganisha. Wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanakwenda kupima wazazi kwa mikono ileile. Akaamuru kunawa kwa maji ya klorini na vifo vikaporomoka.

Mtu angepita barabarani Vienna akamkuta mama anazaa kando ya ukuta angesema kama tunavyosema sisi: ujinga huu, hospitali si ile pale?

Na siku nyingine wanawake walikimbilia hospitali kwa sababu isiyohusu kifo kabisa. Miaka ya 1910 kulikuwa na mchanganyiko wa dawa mbili, mofini na skopolamini, uliopata umaarufu Freiburg, Ujerumani. Mama akidungwa hakumbuki uchungu. Wanawake wa Marekani waliunda hadi chama cha kuudai. Mwaka 1900 huko karibu kila mtoto alizaliwa nje ya hospitali, 1940 wa nje walibaki asilimia 44, na kufika 1969 ni asilimia 1 tu. Kizazi cha bibi na kizazi cha mjukuu, basi.

Pasi Ndefu

Nimemuuliza. Alicheka, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Ulitaka nikuambie ili uniwahishe kule?"

Sijui nimjibu nini, wakuu.

MkungaMstaafu

Usimjibu. Muulize kulikuwaje mara ya kwanza, kisha ukae.

Kitabu Wazi

Swali kwa mkunga. Mbona Ulaya kuna wanaozalia nyumbani kwa hiari, na serikali zao zinaruhusu? Uholanzi miaka ya 1990 ilikuwa karibu theluthi ya watoto wote.

MkungaMstaafu

Neno "nyumbani" hapo linatuchanganya. Nyumbani kwa Shangazi Mkali na nyumbani kwa mama wa Uholanzi ni vitu viwili. Yule ana mkunga aliyesomea, mwenye dawa za kuzuia damu mkobani, anayejua mama huyu presha yake ilikuwaje wiki iliyopita, na akipiga simu gari linakuja na dereva na ufunguo (samahani Baba Mapacha).

Hata hivyo matokeo hayafanani kwa wote. England walichapisha utafiti mkubwa mwaka 2011, wanawake zaidi ya elfu 64 wasio na dalili za hatari. Waliokwishazaa kabla, kupanga kuzalia nyumbani hakukuonekana kuwaongezea watoto madhara. Wa mimba ya kwanza ilikuwa tofauti: matukio mabaya kwa mtoto yalikuwa 9.3 kwa kila elfu kwa waliopanga nyumbani, na 5.3 kwa waliopanga hospitali. Tena katika hao wa mimba ya kwanza walioanzia nyumbani, karibu 45 kwa kila mia walihamishwa. Yaani nusu kasoro ya wale waliosema "nitazalia kwangu" hawakumaliza kwao. Bila gari la kuwahamisha, wale 45 wangekuwa wapi?

Ndiyo maana huwa sipendi mtu akileta habari za Ulaya kumtetea mama anayezaa peke yake. Wala akizileta kumtukana.

Dada Kimya

Mimi huwa sichangii, nasoma tu.

Nilikuwa na miaka 17. Kituo kilikuwa karibu na kwetu, na anayeandikisha pale alikuwa rafiki ya mama. Kuna dirisha dogo, watu wamepanga foleni nyuma yako, na yeye anauliza kwa sauti: "Jina la baba wa mtoto?" Nilishamsikia akimuuliza binti mwingine hivyo, na foleni nzima ikageuka.

Nilipanda gari mbili kwenda kujifungulia mahali ambapo hakuna aliyenijua. Uchungu ulinikutia kwenye gari ya pili. Nimeona humu watu wanasema umbali unawazuia akina mama. Mimi nilikuwa nautafuta.

Mama Wawili

Dada Kimya, asante kwa kuandika. Nimesoma mara mbili.

Sindano Mbili

Mimi wenye hela mtanicheka. Nilichagua hospitali kwa picha. Shoga yangu alijifungulia pale, chumba kina pazia la maua, kuna kochi la mgeni, nesi anakuita kwa jina. Na kweli nilipofika waliniita kwa jina. Saa tano asubuhi nikaambiwa mtoto amechoka, saa saba nimeshapasuliwa. Sikatai, labda alichoka. Ila vyumba vinne vya jirani nilivyovijua, wote tulipasuliwa wiki hiyo, na nyongeza ya bili kila mmoja aliijua yake.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985 kwamba upasuaji ukizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzazi hakuna sababu ya msingi. Sasa hivi dunia nzima iko kama asilimia 21, na ndani ya hiyo kuna mama aliyeuhitaji akaukosa na mimi ambaye hadi leo sijui. Heshima niliipata. Maelezo sikupata. Mimba ya pili nilirudi palepale, kwa sababu ya kovu nilishaogopa kwenda kwingine.

Shangazi Mkali

Hawa nao wanatukana kwa adabu.

Kitabu Wazi

Kuna kitu nataka tusikipite. Nesi wa mleta mada tunamfanya ni mtu mbaya mmoja. Mwaka 2010 watafiti Diana Bowser na Kathleen Hill waliyaweka manyanyaso ya leba kwenye mafungu saba: kupigwa, kufanyiwa kitu bila ridhaa, kuanikwa siri, kudhalilishwa kwa maneno, kubaguliwa, kutelekezwa, na kuzuiliwa kwa sababu hujalipa. Soma uzi huu toka juu. Kuongezewa njia bila kuambiwa, pazia fupi, "siku ile hukulia hivi", dirisha la Dada Kimya, na paja la mgonjwa wa mkunga wetu. Tumeshafika matano na hatujamaliza ukurasa.

MkungaMstaafu

Naongezea la sita kwa kujiripoti: kutelekezwa. Wanawake kumi na mmoja, mikono minne.

Kitu kimoja kilichonibadilisha uzeeni ni ndugu kuruhusiwa kuingia. Tulipinga sana. Tulisema watajaza chumba, wataleta uchafu, watarekodi. Siku tuliyoanza niliona ndugu anamkanda mama mgongo, anamnywesha maji, anamshika anapotembea. Kazi zile sikuwa na mkono wa kuzifanya. Na niseme ukweli: mbele ya dada wa mtu ulimi wangu ulipata adabu. Mapitio ya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya elfu 15, yaliyotoka 2017, yalionyesha mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote ana uwezekano mkubwa wa kuzaa bila upasuaji, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Nafuu yake ni kwamba hakuna mashine ya kununua.

Mleta mada, nikuulize. Mara ya pili ulipofika na sentimita zako tisa, walikutendeaje?

Mama Wawili

Swali hilo nililiogopa. Walinitendea vizuri. Mkunga alikuwa mwingine, mama mtu mzima, alinishika mkono na kuniambia jina lake kabla hajanigusa. Nilimdanganya usoni kwamba uchungu umeanza muda si mrefu. Baada ya kondo kutoka nilivuja damu, si nyingi sana, akanidunga, akakaa ananikanda tumbo muda mrefu mpaka mkono wake ukawa unatetemeka. Nilijiuliza, hii ingetokea kwenye kiti cha nyuma cha gari je? Sikumwambia. Hilo nalo nilikuwa sijalisema.

Bibi Harusi wa Zamani

Sasa wa tatu utafanyaje?

Mama Wawili

Nilijua mtauliza. Wa tatu yupo tumboni, mwezi wa saba.

Baada ya kusoma michango ya juzi nilikwenda. Sikwenda kliniki, nilikwenda leba yenyewe, mchana, saa ya kutazama wagonjwa, nikagonga. Nikauliza kama yule mama mtu mzima bado yupo. Amehama. Akatoka binti mmoja, glovu moja mkononi, nyingine amevua. Nikamuuliza nilichokuwa nimekiandika kwenye karatasi: dawa ya kuzuia damu ipo na jokofu linafanya kazi? Akacheka, akasema hakuna mjamzito aliyewahi kumuuliza jokofu, ila lipo, akanionyesha kwa mlango. Nikauliza usiku wanakuwa wangapi. Wawili, mara nyingine mmoja. Hakunidanganya.

Halafu nikauliza kama dada yangu anaweza kuingia na mimi tangu mwanzo. Akatazama ndani, kitanda na kitanda, akatazama lile pazia. Ni lile lile.

"Mlete," akasema. "Ila mwambie aje na kiti chake. Viti hatuna."

Pasi Ndefu

Kiti ninacho cha kukunja. Nitumie ujumbe pembeni.